Kipoza cha Shaba

Jua lilikuwa linashuka Gaëlle alipomfunga Bénie mgongoni na kutoka nyumbani kwake mtaa wa Naviundu, kwenda kutafuta kitu kidogo kama kiberiti.

Kompyuta yake ilikuwa inazimika. Aliishi kwa kuwaandikia majirani barua na kuzichapa, pale pale sebuleni, wakati mumewe akichimba madini Kambove. Sasa mashine ilifanya kazi robo saa, ikachemka, ikafa. Dan, fundi wa mtaani, aliifungua akamwonyesha ubao wake mkubwa, ule anaouita carte mère, na juu ya chipset, ile chipu inayochemka, kifeni kidogo kilichokwama. Kwa wema wake alimpimia kwa rula umbali wa matundu ya kufungia kipoza kipya, kile chuma kinachonyonya joto, akamchorea kwenye karatasi, tena akamwonya asichukue kipoza kirefu maana kitagonga kadi iliyo juu yake.

Sokoni wauza vyuma vya kompyuta walikuwa wanafunga. Alibaki mzee mmoja tu, meza ya mwisho kabisa. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi vizuri. Lakini jicho la kushoto... Usaha wa njano ulikuwa umegandisha kope, nzi wawili wametulia juu yake, na yeye hawafukuzi. Alimpangusia Gaëlle kiti kwa leso yake. Leso ile ile aliyojipangusia jicho.

Gaëlle akaketi, kwa kuwa hakutaka kumwaibisha.

Mzee akamwekea vipoza vitatu. Cha kwanza kilikuwa na feni. Gaëlle alipoizungusha kwa kidole ikakwaruza kama imejaa mchanga. Cha pili, cha aluminiamu, hakikuwa na feni, lakini kilikuwa kirefu mno kwa kadi ile. Cha tatu kilikuwa cha shaba, kifupi, mapezi yake yamebanana. Akakiweka juu ya karatasi ya Dan. Matundu yakalingana. Akakishika mkononi.

Kilikuwa baridi. Baridi ya kitu kilichotoka kwenye friji, na meza ile ilikuwa imeshinda juani.

"Ile njo muzuri, mama," mzee akanong'ona. "Haina kelele. Inakunywa moto yote."

Kisha akamtazama mtoto. Akauliza kama bado ananyonya. Akaomba matone machache tu ya maziwa, ya kutia jichoni, jinsi akina mama wanavyowatia watoto wao macho yakiwauma. Gaëlle alishawahi kumfanyia hivyo Bénie, na mtoto wa jirani pia. Moyo ukamwuma kwa lile jicho. Aligeuka upande, akakamua kwenye kifuniko cha chupa, akampa kwa mikono miwili.

Mzee hakutia jichoni.

Alifungua kopo la ile pate nyeupe inayopakwa kati ya chipset na kipoza. Harufu ikatoka... maziwa yaliyooza, na chini yake harufu ya kidonda. Akamwaga matone yale ndani. Akakoroga kwa kidole, polepole, kisha akachota pate kidogo akaijaza kwenye kifuniko.

"Sasa itakamata, mama."

Gaëlle aliona aibu kuuliza. Akalipa. Akachukua vitu vyake, akaondoka bila kugeuka.

Asubuhi Dan alikifunga kipoza. Aliponusa ile pate alikunja uso, akasema imeharibika, ila yake mwenyewe imekwisha. Mashine ikawaka. Ikafanya kazi mpaka jioni na haikuchemka hata kidogo.

Mchana ule Bénie alishika titi, akaliachia, akalia. Gaëlle akakamua. Hakuna kitu. Akakamua la pili. Hakuna. Matiti yalikuwa yamelegea kama mifuko mitupu, na ngozi yake ilikuwa baridi.

Siku ya pili mtoto alikuwa analia bila sauti. Maziwa ya kopo aliyatapika. Uji aliutapika. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri, nyumba imetulia, na katika utulivu ule Gaëlle akasikia...

Nyu. Nyu. Nyu.

Ilitoka ndani ya kompyuta.

Alifungua ubavu wa mashine. Pate ilikuwa imefura na kumwagika pembeni mwa shaba, nyeupe, imeshika utando kama maziwa yaliyolala. Ndani yake mlikuwa na nywele. Na shaba ilikuwa inapanda na kushuka, kidogo kidogo, kama shavu la mtoto anayenyonya.

Alitapika palepale. Kisha akamwita Mama Kunda, jirani aliyempokea Bénie siku alipozaliwa, akamweleza habari za mzee. Mama Kunda alitazama mara moja tu, akamchukua mtoto kifuani. Alisema amewahi kusikia habari kama hii.

"Maziwa yako haiyakauka, mama Bénie. Batu beko banaikunywa. Ile yenye ulitoa, irudi mu kinywa yako. Yote."

"Siwezi, Mama Kunda."

"Angalia mutoto."

Gaëlle akamwangalia. Midomo ilikuwa imepasuka. Utosi ulikuwa umebonyea.

Akafungua skrubu, akakivuta kipoza. Kikang'ang'ania... kisha kikaachia, kwa sauti ya mdomo unaotolewa titini. Akafumba macho, akailamba pate. Ilikuwa vuguvugu. Tamu, halafu chumvi, halafu usaha. Unywele ukamkwama kooni, akaumeza. Akalamba shaba, akalamba chipset, mpaka ulimi ukakuta chuma kitupu.

Maziwa yakaja kabla hajafuta mdomo.

Yalikuja kwa nguvu, yakalowesha blauzi, yakadondoka sakafuni. Bénie akashika titi, akanyonya kwa pupa, uhai ukarudi machoni. Mama Kunda alikuwa analia kwa furaha. Gaëlle naye alitaka kulia, lakini harufu ikamzuia.

Titi la kushoto lilikuwa na harufu yake mwenyewe. La kulia, alilokuwa akinyonya Bénie, lilinuka moshi wa samaki wakavu, wale wanaotoka ziwani Pweto, na yeye hajashika samaki mwezi mzima. Akakamua kidogo kiganjani. Harufu ikageuka: sabuni ya hospitali. Akakamua tena. Vumbi la makaa.

Basi hakuwa wa kwanza kumhurumia mzee yule; maziwa yao wote yalikuwa katika ile pate, na sasa yalikuwa yakitoka kwake.

Mahali fulani mjini, mwanamke anayeuza samaki alikuwa amekaa na mtoto mapajani jioni ile, anakamua, hapati kitu, wala hajui amwulize nani. Gaëlle aliingiza kidole taratibu kinywani mwa Bénie ili amtoe. Mtoto akabana ufizi, akazidi kuvuta.

Gaëlle akatoa kidole. Akamwacha ameze.