Neno la Kwanza la Kipusa

Shoga yangu, fundi cherehani, si mwongo, na haya yalimkuta mwenyewe. Jumapili asubuhi bintiye alimpeleka mkahawani kula mayai, pamoja na mjukuu wake Kipusa, wa miaka minne, ambaye hakuwa ametamka hata neno moja tangu azaliwe.

Umeme ukakatika, na kwa kuwa mkahawa haukuwa na madirisha, ndani kukawa giza totoro. Shoga akapapasa kiti cha Kipusa, kitupu. Kule chooni maji yalikuwa yakitiririka. Akajikokota mpaka mlangoni.

“Hodi?”

“Karibu, bibi,” kikajibu kisauti cha kitoto.

Akarudi mbio akipiga vigelegele. “Kipusa kasema!”

“Mama nawe! Si huyu hapa, nimempakata?”

Maji yakanyamaza. Kisauti kikaita, “Kipusaaa!”

Mtoto akaweka yai lake mezani, akaitika, “Abee.”