Jicho la Fanuel na Utomvu wa Mkonge

Nisikilizeni, watu wa Voi, na ninyi mnaoshuka kutoka Wusi kuja kufanya kazi kwenye mkonge. Nina habari ya nyumba moja ambayo hadi leo naivulia kofia.

Mwaka wa 1957 Fanuel Mwandawiro alikuwa mchaguzi wa katani katika kiwanda cha shamba moja la mkonge karibu na mji. Kazi yake ilikuwa kutazama nyuzi na kusema zipi nyeupe safi na zipi za daraja la chini. Mimi nilifanya naye kazi meza moja. Macho yake yalikuwa mabovu tangu ujana, yamechongoka kwa mbele hata miwani haikumfaa. Ndipo daktari mmoja wa Nairobi akamtengenezea lenzi, vioo viwili vidogo sana vya kuvaa juu ya jicho lenyewe.

Jumapili ya kwanza baada ya kurudi, Fanuel aliketi barazani akamsomea binti yake Lois gazeti zima, hata matangazo ya ng'ombe wa kuuzwa. Mkewe Tryphena aliacha kupukuchua mahindi akawa anamtazama tu. Ilikuwa nyumba yenye raha.

Raha hiyo haikumaliza mwezi. Daktari alikuwa amemwagiza avae lenzi saa chache, aongeze polepole, anawe mikono kwa sabuni kabla ya kuzigusa, na jicho likiuma azitoe mara moja. Lakini siku ya kwanza alipozitoa kiwandani saa sita mchana, mtu mmoja alipiga kelele, "Njooni muone, Fanuel anang'oa macho!" Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mtu huyo ni mimi. Nalisema wazi ili mnisute vizuri.

Tangu siku hiyo Fanuel alivaa lenzi zake alfajiri mpaka jioni. Vumbi la katani lilimkereketa, naye akajikaza. Halafu siku moja, baada ya kusaidia kulisha mashine majani mabichi, maumivu yalimzidi. Alijificha nyuma ya marobota, akatoa lenzi moja kwa vidole vilivyolowa utomvu, akailamba, akairudisha jichoni. Nani hapa asiyejua utomvu wa mkonge unavyowasha? Mikono yetu ilikuwa imeshauzoea, tukasahau kwamba jicho haliuzoei.

Alifika nyumbani jicho limevimba.

"Baba Lois, umefanya nini?" Tryphena akamuuliza.

"Ni vumbi tu. Litapoa."

"Toa hizo lenzi."

"Nikizitoa sioni katani, Mama Lois. Nisipoona katani, nyapara ataniondoa pale mezani. Nitafanya kazi gani na macho haya?"

Jamani, mwanamke yule! Wengine wangefoka. Yeye alichemsha maji, akayaacha yapoe, akamletea sabuni, akakaa mbele yake mpaka akanawa na kuzitoa mwenyewe. Asubuhi alimshika mkono wakaenda hospitali, na njiani Fanuel akamweleza jinsi tulivyomcheka. Daktari wa pale alikuta kidonda kwenye jicho, akasema, "Mngekawia siku mbili zaidi, jicho hili lingekufa." Akampa dawa, akamkataza lenzi mpaka kidonda kipone na daktari mwenyewe amruhusu.

Siku hiyohiyo Tryphena alikuja kiwandani, akamwendea nyapara wetu, Mzee Maundu.

"Mzee, mume wangu hajaacha kazi. Akipona, naomba apewe karai lake na mahali pasipo vumbi saa sita. Maji nitachemsha mimi, aje nayo kwa chupa."

"Mama, hapa ni kiwanda, si hospitali."

Tryphena akaokota kipande cha jani bichi, akakivunja, utomvu ukamchuruzika vidoleni. Akatunyooshea sote mkono ule.

"Nani kati yenu atajipaka hii jichoni?"

Tulisogea nyuma sote.

"Basi msimcheke anayenawa."

Mzee Maundu aliinamisha kichwa, kisha akasema, "Leteni karai." Nililileta mimi, na aibu yangu yote.

Fanuel alirudi baada ya miezi miwili, akaanza tena kuvaa lenzi kwa saa mbili, kisha tatu. Saa sita alinawa na kutoa lenzi mbele yetu bila kuficha, nasi tulimpisha. Jicho lilipona, ila lilibaki na kovu jeupe dogo. Miaka yote tuliyoketi mkabala nililiona kovu lile, na hata siku moja hakunikumbusha nilichosema.

MAFUNZO

Jicho likiuma linaomba msaada. Mvaaji wa lenzi anawe mikono, ahesabu saa zake, asitie mate kwenye lenzi. Likiwasha au likiwa jekundu, azitoe aende kwa daktari. Kujikaza hapo si ushujaa. Ushujaa niliuona kwa Tryphena. Nawe unayependa kuchekesha wenzako, tazama kwanza unamcheka nani. Mtu anaweza kukubali kupofuka ili tu usimcheke.