Mbeleko na Jaketi la Khatib

Thuwaiba alikuwa mama wa mbeleko. Kila asubuhi alimfunga mwanawe Khatib mgongoni kwa kanga, akafagia, akapika, akapanda basi la mjini. Jirani mmoja alimpa kigari cha mtoto. Kigari kile kilikaa ukumbini, kimejaa viazi na vitunguu.

Ilikuwa mwaka 2007, huko Lozells, Birmingham. Khatib alikuwa na mwaka mmoja na miezi mitatu, na bibi yake alikuwa hajamwona hata siku moja. Bibi huyo, Bi Sikuzani, mama mzazi wa Thuwaiba, alikuwa anaishi Mwali, katika visiwa vya Komoro. Miguu yake ilikuwa imechoka, haendi mbali tena.

"Mwezi ujao nampeleka," Thuwaiba alimwambia jirani yake Nimo. "Ndege mpaka Ngazidja, kile kisiwa kikubwa, kisha boti mpaka Mwali."

Nimo alikuwa Msomali aliyekulia Kenya. Kazi yake ilikuwa kufundisha watu kuogelea katika bwawa la manispaa.

"Kwa boti utambeba mtoto vipi, dada?" akauliza.

"Mgongoni. Kwani nitambeba kichwani?"

"Na boti ikipata shida? Ana jaketi la kuokolea?"

Thuwaiba aliweka kikombe chini. "Astaghfirullah! Usinitilie uchuro, Nimo. Safari haijaanza, we ushataja mabaya!"

Kwao, msafiri hatajiwi ajali. Ukiitaja, umeiita. Siku tatu Thuwaiba alimnunia Nimo. Lakini Nimo hakuwa mtu wa kukata tamaa upesi. Siku ya nne aligonga mlango.

"Sitataja kitu," alisema. "Jumapili ni saa za wanawake pale bwawani. Kuja na mbeleko yako. Mtoto mwachie babake."

Thuwaiba hakujua kuogelea. Aliogopa, lakini hakutaka Nimo aone. Alivaa suruali ndefu na shati, akashuka ngazi za bwawa mpaka maji yakamfika kifuani. Nimo alimfunga mdoli mgongoni kwa kanga, kwa fundo lilelile ambalo Thuwaiba hulifunga kila siku. Kisha akamvika Thuwaiba jaketi la kuokolea kwa mbele, akalifunga mikanda.

"Sasa inua miguu."

Thuwaiba aliinua miguu. Jaketi lilimgeuza chali palepale, uso juu, maji masikioni.

"Naelea!" alipiga kelele kwa furaha. "Nimo, naelea mie!"

"Vizuri. Na mtoto yuko wapi?"

Thuwaiba alipeleka mkono nyuma. Mdoli ulikuwa chini yake, wote ndani ya maji, umekazwa na kanga yake mwenyewe. Alisimama kwa pupa, akahangaika na fundo. Halikufunguka upesi. Alilia palepale bwawani mbele za watu, wala hakuona haya.

"Jaketi hulaza mtu chali ili apumue," Nimo alisema polepole. "Wa mgongoni anabaki chini. Si uchuro, dada. Ndivyo maji yalivyo."

Thuwaiba alijipangusa uso. "Haya. Nifundishe."

Nimo alimfundisha. Mtoto awe na jaketi lake mwenyewe. Linunuliwe kwa uzito wake, si kwa umri.

"Nichukue kubwa kidogo, alivae na mwakani?"

"Hapana! Hili si koti la Idi. Likiwa kubwa atachomoka. Tafuta lenye mkanda wa kupita katikati ya miguu. Mkiwa ndani ya boti, mpakate mbele, usimfunge na wewe. Na jina lake liandikwe kwa orodha ya abiria. Boti ikijaa kupita kiasi, usipande."

Mwezi uliofuata Thuwaiba alikuwa bandarini Ngazidja. Visiwa hivi vilizaliwa na volkano, na mawe ya pwani ni meusi. Ukitoka ufukoni kidogo tu, bahari ina kina kirefu. Aliyatazama maji yale, akakaza roho.

"Mtoto wa mgongoni hatumwandiki," alisema karani wa tiketi.

"Hayuko mgongoni, na jina analo. Andika: Khatib Maulid."

Karani aliandika. Lakini boti ilipokuja, watu walikuwa wamekaa hadi juu ya magunia, na majaketi hayakuonekana popote. Thuwaiba alirudi nyuma na mizigo yake, akampigia mama yake simu.

"Siji leo, mama. Boti imejaa mno."

"Nimeshapika!" Bi Sikuzani alifoka. "Watu wote wanapanda, we nani?"

"Mie mama wa Khatib. Chakula na kipoe, nitafika."

Alisubiri siku mbili. Boti ya pili ilikuwa na nafasi, na kila mtu mzima alipewa jaketi. Thuwaiba alimvika Khatib lake la njano, akampakata. Wanawake walicheka. Aliyeketi karibu naye, mwenye kichanga mgongoni, akauliza kulikoni. Thuwaiba alimweleza habari ya mdoli. Mwanamke yule hakucheka tena. Alifungua mbeleko yake, akampakata mwanawe mbele.

Bi Sikuzani alimpokea mjukuu kwa machozi. Kisha akalitazama lile jaketi. "Uchuro gani huu umemvisha mtoto?"

Thuwaiba alimsimulia yote, tangu bwawani. Bi Sikuzani alisikiliza, akalichukua lile jaketi na kuivuta mikanda yake mmoja mmoja.

Walirudi Birmingham kwa njia ileile, Khatib na jaketi lake. Walipofika Ngazidja, Thuwaiba alimpa ndugu yake aliyewasindikiza jaketi lile alirudishe Mwali, likae kwa mama kwa ajili ya watoto wa huko.

Baada ya miezi miwili alipiga simu kwa mama yake.

"Jaketi lipo, mama?"

"Halipo," alisema Bi Sikuzani. "Limekwenda kisiwa cha Ndzuani na mjukuu wa jirani. Likirudi Alhamisi lina mwingine anayelingoja. Wanagombana huku! Mwambie huyo Nimo wako alete la pili."