Tanuru Lililolia Njaa

Mkono wa chuma ulishuka polepole, ukaokota chupa ya plastiki, ukaichunguza kwa vitambuzi vya vidoleni, kisha ukaitupa kinywani. Nyuma ya kioo kinene moto wa buluu uliimeza bila kutoa moshi. Hilo ndilo tanurumeme la kisiwa cha Ukombe: linakula taka, linatoa umeme wa zahanati na nyumba zote, na linasafisha maji ya bahari hadi yanyweke. Mhandisi Zuwena Ame alilisanifu mwenyewe, na sasa, miaka saba baadaye, amerudi kulikagua. Alilitazama kwa fahari ambayo hakujisumbua kuificha.

Kazi ilikuwa nyepesi, au ndivyo alivyodhani. Kama taka zilitosha, angetia saini na tanuru la pili, kubwa maradufu, lingeletwa kabla mwaka haujaisha. Kumbukumbu za mashine zilionyesha tani mbili kila siku, bila kupungua hata siku moja. Hapo akakuna kichwa. Watu wa Ukombe hawafiki elfu moja. Hata wangekuwa wafujaji wa kupindukia, wasingetupa nusu ya hizo. Miaka ya mwanzo bahari ilikuwa ikileta takataka za dunia nzima, lakini ufuo alioupita asubuhi ulikuwa mweupe pe. Sasa tanuru lilikuwa linakula nini?

Alifungua ghala la malisho. Taka zilikuwa konzi moja tu. Vingine vilivyokuwamo ni makumbi ya nazi yaliyokwisha pondwa tayari kusokotwa kamba, mikeka mizima, vinu vitatu na kabati la shule. Juu ya yote ulilala mlango, bado una bawaba zake.

"Huo wangu," sauti ilisema nyuma yake.

Alikuwa Bi Kazija, mama wa makamo anayelisha tanuru tangu siku ya kwanza.

"Shikamoo, bibi. Mbona mnachoma milango?"

"Marahaba, mwanangu. Hebu subiri, utasikia."

Haikupita dakika, kipaza sauti cha juu ya paa kikakwaruza. Sauti laini ya kike ikaenea kijiji kizima: "Jamani, nina njaa."

Bi Kazija akauendea mlango mara moja, kama aliyeitwa na mwanawe.

"Umemsikia? Hapa kwetu mtu hasemi ana njaa akaachwa. Ni aibu ya kijiji kizima. Plastiki zilipokwisha tukampa makumbi. Mwaka wa tatu huu wanawake hatusokoti kamba, hatuna cha kusokota. Tukampa mikeka. Leo zamu ya kutoa ni yangu, na mimi nimebakiwa na mlango."

Maneno yale Zuwena aliyajua; aliyaandika yeye, mjini, huku akicheka na wenzake ofisini. Onyo la awali la mashine lilisomeka "malisho chini ya kiwango", akaliona kavu mno, akalivika maneno ya kibinadamu ili watu wa kisiwa wapate kulipenda tanuru. Wakalipenda kweli. Aliona haya, haya ya kutamani ardhi ipasuke.

Angeweza kutia saini. Hakuna ambaye angekuja kufungua ghala lile. Akatoa kishikwambi chake cha kazi, akaandika: Tanuru la pili lisiletwe. Hili lipunguzwe, libaki la zahanati na maji tu. Nyumba zitafutiwe umeme wa jua. Miaka yake saba ya kungoja tanuru la pili ikaishia hapo. Kisha akazima sauti ya juu ya paa.

"Umemnyamazisha?" Bi Kazija alimaka. "Sasa tutajuaje kama ana njaa?"

"Bibi, yule hana njaa. Hajawahi kuwa nayo. Maneno yale niliyatia mimi, kwa sababu sikutaka kazi yangu izimike."

Bi Kazija alimtazama, akautazama moto wa buluu, akamrudia tena.

"Kwa hiyo miaka yote hii, aliyekuwa akitulilia ni wewe?"

Zuwena akaitikia kwa kichwa.

"Si ungekuja mwenyewe, mwanangu? Tungekupikia."

Kisha akauinamia mlango wake na kuushika kwa upande wa bawaba.

"Haya, shika huko. Tukaurudishe, halafu nikupikie ule."