Picha ya Pili ya Waridi

Soko la Kasongo lilikuwa limefurika siku Waridi alipojikwaa kwenye miguu ya kamera ya Faradji, akaidaka kabla haijaanguka. Alitazamia kugombezwa. Kijana yule, shati jeupe limenyooshwa pasi katikati ya vumbi na harufu ya mawese, alicheka tu.

Kumbe ndiye fundi wa picha aliyekuwa anatafutwa. Waridi alikuwa ametoka Kabambare juu ya lori la mpunga, amevaa kikwembe kipya cha maua ya njano, kwa sababu baba yake mdogo aliyemlea alitaka picha ya kumtumia Bulaimu, karani wa machimbo ya bati huko Kalima. Bulaimu alitaka mke wa kwao, ila hakutaka kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Akiipenda sura, ataleta mahari.

Mbele ya pazia la bluu Waridi akakaza shingo na kubana midomo. Picha alizozijua zilikuwa za vitambulisho vya Wabelgiji, na kwa Wabelgiji hakuna aliyecheka. Faradji akapiga hiyo hiyo, kisha akatoa kichwa kwenye kitambaa cheusi.

“Dada, hapa hakuna Bulamatari, hakuna muzungu wa serikali. Pumua basi.”

“Napumua.”

“Weye unapumua kama mutu anajificha. Wacha hii apareyi,” akaigonga kamera, “uniangalie miye. Asubuhi ulikula nini?”

“Sombe ya mama mukubwa. Anatiaka chumvi mara mbili, anasahau.”

Akacheka mwenyewe, mabega yakalegea, mkono ukapanda kushika kilemba. Faradji akapiga ya pili.

Mpunga wa baba mdogo aliyekuja naye ulichelewa kuuzika, wakabaki mjini kwa ndugu, na kila mchana Waridi hakukosa sababu ya kupita pale. Alimtania kwamba anaosha picha kwa maji ya sombe, ile mboga ya majani ya muhogo. Naye akamwita foto yangu. Haikuchukua muda Faradji akasema Ramadhani ijayo ikiisha atatuma wazee wake Kabambare kumposa. Waridi alirudi kwa ndugu zake akiimba, hata akaulizwa ana nini.

Picha zilipokauka alizitazama zote mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mtu anayengoja hukumu. Ya pili ilimtia haya, maana mwenye macho angejua msichana huyu anamtazama nani.

“Umupe baba ile ya kwanza,” alisema. “Bulaimu akiiona atatafuta mwengine. Hii iko yako.”

“Nimesikia, mupenzi.”

Alisikia, lakini ujana una kiburi chake. Baba mdogo alipofika, wateja walikuwa wamejaa. Akaiinua picha ya kwanza juu, akauliza kama hii ni picha au maiti, akasema kumbe Kasongo hakuna fundi. Watu wakaangua kicheko. Masikio ya Faradji yakawaka moto, na mkono ukaingia kwenye droo ukatoa ile ya pili kabla hajafikiri.

“Muzee, kazi yangu iko hii.”

Waridi alikuwa amesimama mlangoni. Aliona yote, na picha ikaingia mfukoni mwa mlezi wake.

Bulaimu alikuja Kabambare mwenyewe kabla ya Ramadhani kuisha, picha ndani ya mfuko wa shati, na mahari kamili. Hakuwa mtu mbaya. Alisema macho yale yalimnyima usingizi. Waridi aliomba, akalia, na mwisho akakubali, kwani baba mdogo alikwisha pokea mahari.

Siku ya harusi aliitwa fundi yule yule. Bulaimu akamwomba amchekeshe bibi harusi kidogo.

“Uniangalie miye,” Faradji alisema.

“Naangalia apareyi,” Waridi akajibu, akakaza shingo na kubana midomo.

Bulaimu alizitundika ile ya Kasongo na hii ya harusi ukutani kwake Kalima, pamoja. Mara nyingi alimwuliza mkewe siku ile ya Kasongo alikuwa anacheka nini.

“Sombe ya mama mukubwa,” alijibu Waridi. “Ilikuwa na chumvi nyingi.”