Mikono ya Rosalba

Hebu niambie, wewe ungefanya nini ukikuta mikono ya mwanamke mwingine imebandikwa mwilini mwako, tena na mwanamume unayempenda?

Rosalba Vozzo aliuza samaki katika soko kuu la Adelaide, kama baba yake, kama babu yake aliyetoka Italia. Miaka thelathini na minne, mnene kiasi, kitambaa chekundu kichwani, aproni ya mpira hadi kwenye mabuti. Jumamosi moja asubuhi, soko limefurika, watu wakamsukuma Corin Tregear hadi mbele ya meza yake. Huyo alikuwa mchoraji wa sura za watu, mrefu, mwembamba, shati la kitani limejaa madoa ya rangi ya buluu. Rosalba akampasulia chaza mmoja, mbichi ndani ya gamba lake, aonje. Corin akamtia kinywani, uso ukasawijika, akamtema kwenye leso.

"Usijali, kaka," Rosalba akamwambia. "Hata yeye hakukupenda."

Corin akacheka hadi machozi, na kabla hajaondoka akaomba amchore. Kulikuwa na shindano la picha za sura, na sharti lake kila mtu mjini alilijua: anayechorwa akae ana kwa ana na mchoraji, kisha atie sahihi kwamba alikaa, na kwamba aliyemo pichani ni yeye.

Basi kila Jumatatu, siku ambayo soko hufungwa, Rosalba alivaa gauni lake la kijani, akasugua mikono kwa ndimu mara tatu, akapanda treni hadi Port Adelaide, kwenye chumba cha Corin cha kuchorea. Kila alipoingia Corin alifungua madirisha yote mawili, hata kwenye baridi ya Julai. Lilimchoma hilo, akalimeza. Katikati ya wiki Corin alimpigia simu saa ya chakula, akamwita malkia. Yeye akamwita mtema chaza. Wiki ya tano wakabusiana. Tangu hapo Rosalba akawa anasubiri neno moja kutoka kwake. Halikuja.

Jumatatu ya mwisho kabla shindano halijafungwa, akaitwa kutia sahihi. Uso wa pichani ulikuwa wake, hata ule mkunjo wa kando ya mdomo. Lakini mikono! Yake ilikuwa na makovu ya kisu cha chaza, kucha zimepasuka, kidole gumba kimevimba kwa barafu ya miaka. Iliyokuwa pale ilikuwa laini, kucha zimepakwa rangi ya waridi, imelala mapajani kama mikono ya maiti aliyeoshwa vizuri.

"Mikono ya nani hii?"

Corin akatazama sakafu. "Ya Philippa."

Philippa alikuwa wakala wa Corin, ndiye aliyemtafutia wanunuzi wa picha zake. Alisema mikono ya muuza samaki itawatia majaji kinyaa, akatoa yake ichorwe.

"Na wewe ikakutia kinyaa."

"Ni mikono tu, mpenzi."

"Ndiyo iliyokukumbatia wiki jana. Ulikuwa unajizuia kutapika?"

Hakutia sahihi. Ndani ya treni alinusa viganja vyake, akaona kinyaa: kwa Corin, kwa Philippa, na zaidi kwa nafsi yake, mtu mzima aliyejisugua ndimu ili apendwe.

Jumanne Corin alipiga simu mara kumi na moja. Jumatano Rosalba akapokea, simu kaibana begani, anapasua samaki.

"Madirisha ulikuwa ukifunguia nini? Sema kweli."

"Samaki wananichefua, tangu utotoni. Wewe hunichefui, Rosalba. Niliona aibu kukuambia."

"Mimi na samaki hatutenganishiki," akasema, akakata.

Ijumaa ndiyo ilikuwa mwisho wa kupeleka picha, saa kumi na moja jioni. Saa moja asubuhi Corin akatokea sokoni, picha kwapani. Mikono ya Philippa alikuwa ameikwangua kwa kisu hadi kwenye kitambaa kitupu cha picha. Akauliza akae wapi asizuie wateja. Rosalba, kwa ukorofi, akamwonyesha pembeni ya ndoo ya utumbo: damu imeganda kama uji uliolala, magamba, matamvua, nzi wanatembea juu yake. Corin akakaa, akachora. Mara mbili alitapika kwenye mfereji, akajifuta mdomo, akarudi kwenye kigoda. Rosalba alimtazama kwa chuki, lakini hata chuki huchoka ikikaa kutwa.

Adhuhuri mkono wa kulia ukawa umekamilika. Wa kushoto ulikuwa na kovu lililopinda chini ya kidole cha mwisho, na Corin hakutaka kuliharakisha. Rosalba akamwambia saa tisa imefika. Akajibu kovu bado. Philippa akapiga simu, ikaita, ikaita, Corin akaiacha. Saa kumi na moja ikapita.

Corin akaweka brashi chini, rangi ya uso imemtoka, magamba yamemganda kwenye ndevu. Akasema fomu ya kutia sahihi sasa haina kazi, lakini mikono ni ya Rosalba mwenyewe. Rosalba akaitazama picha. Mibaya, myekundu, imevimba. Yake kabisa.

"Mimi sikutaka shindano," akasema polepole. "Nilikuja Jumatatu zote zile nikisubiri useme, hukusema. Basi nasema mimi. Nataka unioe, Corin, nami niwe narudi kwako kila jioni nikinuka hivihivi."