Amplifaya Nzito ya Jules Street

Rafiki yangu Burhani, mtu wa Tanga, hajawahi kuamini wati zinazoandikwa kwenye boksi. Mwaka 2019 alikwenda Jules Street, barabara ya maduka ya vitu vilivyotumika huku ugenini tunakoishi, kutafuta amplifaya ya bei nafuu, akawa anazinyanyua moja moja.

"Maandishi yanadanganya, ndugu yangu. Uzito wa transfoma haudanganyi," akamwambia muuzaji.

Moja kuukuu ilimshusha mikono mpaka magotini. Akaipenda hiyo.

"Sharp, sawa, chukua," akasema muuzaji, bila kuigusa.

Jioni, nyumbani kwake mtaa wa La Rochelle, umeme ulikatika kwa mgao katikati ya taarabu aliyokuwa akiipiga kwa amplifaya hiyo. Gizani ikasikika ngumi ikitua kwenye nyama, tena na tena, kisha mfupa ukavunjika na mtu akakoroma kama anayemeza damu.

"Jirani anamuua mkewe!" Yasmin, mke wa Burhani, akapiga kelele.

Burhani akatoka mbio. Nje kimya. Aliporudi ndani akatambua kwamba vipigo vinatoka kwenye spika zake. Akang'oa nyaya zote. Vipigo vikahamia ndani ya amplifaya, bati likawa linalia kama mlango unaovunjwa.

Asubuhi aliniita, nikaenda na bisibisi. Tukafungua. Hamna transfoma, hamna hata waya, tupu kabisa, na bado wawili tulishindwa kuinyanyua, ingawa jana yake aliibeba peke yake. Mfuniko uliokuwa umenyooka dukani ulikuwa umetuna kila mahali, kutoka ndani kuja nje, na kila uvimbe una alama za vifundo vinne vya vidole.

Tukaufunga upesi. Nilipokuwa nakaza skrubu ya mwisho, bati likatuna chini ya kiganja changu.